Namba Hamsini na Nne: Maisha ya Theresia Lukas Nandonde

Waombolezaji wenzetu, siku ya Jumanne, tarehe 17 Juni 2025, saa kumi na moja jioni, nyumbani kwake hapa Chikongola, Theresia Lukas Nandonde alianua nguo kambani, akamwita mumewe, Mwalimu Isaya Mchopa, aje washike pembe za shuka wakunje pamoja, na Mwalimu, ambaye hufundisha Fizikia na hupenda pembe zikutane sawasawa, akamrudisha mara mbili waanze upya, hadi Theresia akacheka, akasema, "Mwalimu, hili ni shuka la kulalia, hakuna atakayelisahihisha," kisha akageuza uso pembeni, akakohoa mara moja, akamaliza kukunja. Hilo ndilo jambo la mwisho la kawaida lililotokea katika nyumba hiyo, na Mwalimu, aliyeandika historia hii na kumkabidhi mdogo wa marehemu, Riziki, aisome, ameomba ianzie hapo kabla ya kurudi mwanzo.

Theresia alizaliwa tarehe 14 Septemba 1981 katika kijiji cha Ziwani, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa Mzee Lukas Nandonde na Mama Paskalia, wakulima wa korosho na mihogo, ambao wote wawili wapo hapa leo. Alianza kuugua pumu akiwa na miaka minne, na mama yake anasimulia kwamba tangu wakati huo hakukubali kulala chumba ambacho dirisha lake limefungwa, hata mvua ikinyesha ndani.

Alisoma shule ya msingi kijijini kwao kuanzia mwaka 1989 hadi 1995, akiwa na kiti chake cha kudumu karibu na dirisha, akaendelea na sekondari hapa Mtwara mjini, akahitimu kidato cha sita mwaka 2002, kisha akasomea afya ya jamii katika chuo kikuu jijini Dar es Salaam na kutunukiwa shahada yake ya kwanza mwaka 2007, na baadaye, kati ya mwaka 2013 na 2015, akapata shahada ya uzamili katika elimu ya mienendo ya magonjwa. Aliajiriwa tarehe 1 Februari 2008 kama ofisa afya, na kwa miaka kumi na saba alifuatilia kipindupindu, surua na homa za kila namna, kwa pikipiki, kwa mtumbwi na kwa miguu, kutoka Mikindani hadi vijiji vya kando ya Mto Ruvuma.

Tarehe 22 Novemba 2008 alifunga ndoa na Mwalimu Isaya, na Mungu akawajalia watoto wawili, Yasinta, aliyezaliwa mwaka 2010, na Lukas, aliyezaliwa mwaka 2014. Hawakugombana mara nyingi, na walipogombana ilikuwa juu ya madirisha.

Tunafika sasa kwenye kazi yake ya mwisho, ambayo Mwalimu ameiandika kwa tarehe, kwa sababu marehemu mwenyewe alikuwa mtu wa tarehe. Usiku wa tarehe 11 Aprili 2025 upepo uliezua paa la bweni moja katika kambi ya Nambwera, upande wa Kitaya, na askari waliokuwa wakilala humo wakahamishiwa bweni la pili, ambalo wao huita hanga, hivyo chumba cha watu thelathini na sita kikalaza watu sitini na wanne, na madirisha ya juu yakapigiliwa mbao ili mvua isiingie. Tarehe 28 Aprili vijana wakaanza kuugua homa, koo na kifua.

Theresia alifika kambini tarehe 6 Mei, akapewa orodha ya wagonjwa iliyopangwa kwa namba za utumishi, akaisoma siku nzima bila kuona kitu, kisha akaiweka pembeni, akaanza kumuuliza kila askari swali moja tu, yaani analala wapi na kichwa chake kinaelekea kwa nani. Walicheka, na kijana mmoja wa Kitaya, Rashidi, mwenye miaka ishirini na miwili, akamjibu, "Mama Afya, humu ndani mimi najua mwenzangu kapiga mswaki au bado, hata taa ikiwa imezimwa." Aliporudi nyumbani alipanga vitanda vyote juu ya meza ya chakula, punje za mahindi kwa wazima na maharage kwa wagonjwa, Yasinta akihesabu, na ilipofika saa moja jioni safu mbili za katikati, ambako watu walilala vichwa vikitazamana kwa umbali wa sentimita arobaini, zilikuwa maharage matupu.

Majibu ya maabara yalirudi tarehe 15 Mei yakitaja virusi vya adeno, vinavyoshambulia njia ya hewa, na tarehe 19 Mei Theresia alikabidhi ripoti yenye wagonjwa arobaini na mmoja na hatua tatu ambazo hazikuhitaji hata shilingi: vitanda vigeuzwe ili kichwa cha mmoja kikae na miguu ya jirani yake, mbao za madirishani zing'olewe, na watu ishirini na wanane wahamie kwenye mahema yaliyokuwa yamekunjwa ghalani. Ripoti hiyo aliipokea mkuu wake wa kazi, Bwana Gaudensi Namkoko, ambaye tunamwona ameketi safu ya pili, karibu.

Bwana Gaudensi hakuipeleka ripoti hiyo kambini. Alikuwa amekwisha kuwaahidi wakubwa wake kwamba mwezi Mei hautaisha na ugonjwa, na tarehe 30 Mei aliandika barua, akaisaini, akaituma juu na kambini, isemayo kwamba mlipuko umekwisha na orodha ya wagonjwa imefungwa. Tarehe 2 Juni Theresia aliomba kwa maandishi maboksi mawili ya barakoa, akajibiwa kwa maandishi, "Kwa kuwa mlipuko umekwisha, hazihitajiki." Tarehe 9 Juni Rashidi alifariki. Mama yake, Bi. Mwanakombo, amesafiri kutoka Kitaya kuja kutuzikia mtu wetu wakati arobaini ya mwanawe haijafika, na familia inaomba apewe kiti cha mbele.

Tarehe 12 Juni Bwana Gaudensi alimtuma Theresia kambini akachukue saini ya kuthibitisha kwamba hakuna ugonjwa. Alikuta wagonjwa wapya kumi na mmoja. Mkuu wa kambi alimsikiliza, akasema, "Mama, vitanda ningegeuza leo hii, lakini ofisi yako yenyewe imeniandikia kwamba yamekwisha, sasa nimfuate nani, wewe au bosi wako?" Theresia akatoa nakala yake ya ripoti kwenye mkoba, akamwomba asome ukurasa wa mwisho tu, naye akausoma akiwa amesimama, akatoa amri. Kwa siku tatu marehemu alikuwa ndani ya hanga hilo, akipima nafasi kwa kamba, akishika mguu mmoja wa kitanda askari wakishika mingine, na kati ya barakoa nne alizobakiwa nazo akawapa tatu muuguzi na vijana waliobeba wagonjwa, yeye akabaki na moja aliyoivaa siku zote tatu. Mtu mwenye pumu anajua anachofanya anapofanya hivyo, na Mwalimu hataki mtu yeyote aseme kwamba hakujua.

Tarehe 18 Juni, asubuhi iliyofuata yale mashuka, aliamka na homa. Tarehe 20 alilazwa hospitali, tarehe 23 akawekewa oksijeni, na tarehe 25 muuguzi wa kambi alipopiga simu, Theresia, ambaye hakuweza tena kuongea, alimwashiria mumewe aulize idadi. Mwalimu akauliza, akamwambia kwamba kwa siku nane hakuna mgonjwa mpya, naye akakunja kidole gumba na cha shahada, akamwonyesha sifuri. Alifariki Alhamisi, tarehe 26 Juni 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitatu, ameacha mume, watoto wawili, wazazi na ndugu wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania kwa siku sita bila kuchoka, inawashukuru majirani wa Chikongola waliopika, waliofunga maturubai na waliowalaza watoto wetu kwao, na inawashukuru askari wa Nambwera, ambao leo wamebeba jeneza lake kwa mabega yao. Inawashukuru wafanyakazi wenzake, mmoja mmoja.

Bwana Gaudensi Namkoko anashukuriwa peke yake. Alikuwa wa kwanza kutoka ofisini kufika msibani, jioni ile ile ya tarehe 26, akakaa mkekani, akala, kisha akamwita Mwalimu kando ya ukuta, akamshika mkono, akamwambia, "Shemeji, pole sana, ila kwenye ile historia, mkifika kwenye ugonjwa, andikeni tu aliugua ghafla. Ya kazini tuyaache kazini." Mwalimu alimwitikia, "Nimekusikia." Anaomba radhi kama jibu hilo lilieleweka vibaya.

Asubuhi iliyofuata, Ijumaa tarehe 27 Juni, kabla watu hawajaamka, Mwalimu Isaya alifungua daftari la mkewe, lile la orodha, ambalo lilipaswa kufungwa kwa mgonjwa wa arobaini na moja na ambalo Theresia aliendelea kulijaza kwa siri, Rashidi akiwa namba arobaini na mbili, na wale kumi na mmoja wakimfuata hadi hamsini na tatu. Alichukua rula, akapiga mstari, akaandika kwa herufi zile zile ndogo alizokuwa akiandika mkewe: namba hamsini na nne, Theresia Lukas Nandonde, miaka arobaini na mitatu, hanga la pili, kitanda hana, dalili tarehe 18 Juni, amefariki. Safu ya mwisho ya daftari hilo inauliza hatua iliyochukuliwa na ofisi, na hapo aliandika, "Barua ya tarehe 30 Mei, imesainiwa na G. Namkoko."

Kisha akavaa shati jeupe, akaenda kwa Naveed, mwenye duka la vifaa vya ofisi, akamkuta anafungua mlango, wakatoa nakala mia mbili za orodha, ripoti na barua, na saa mbili na nusu asubuhi Mwalimu alikuwa dirishani pa masjala ya mkoa, akasubiri mpaka nakala yake ikagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe na saa. Nakala ya pili aliipeleka kwa mwanasheria pamoja na barua ya Bi. Mwanakombo ya malalamiko juu ya kifo cha mwanawe. Zilizobaki zipo mezani, kando ya kitabu cha rambirambi, kila mwombolezaji achukue moja, na ya Bwana Gaudensi ipo juu kabisa, imeandikwa jina lake.

Theresia, pumzika wewe. Mwenzako bado hajapumzika.