Mama Dodoso na Familia Zake Mia Tatu na Kumi na Mbili

"Mbona sisi weusi tunakaa benchi la nje?" Hilo ndilo swali aliloliuliza marehemu akiwa na miaka saba, kwenye zahanati alikomsindikiza mama yake mjamzito, na muuguzi akaendelea kuandika kana kwamba hakusikia.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa dobi na fundi bomba, akasoma shule ya msingi na sekondari kuanzia 1968 hadi 1981, akapata shahada ya sosholojia mwaka 1985 na ya uzamivu mwaka 1994, na katikati ya hizo, tarehe 4 Agosti 1990, akafunga ndoa na mwalimu wa hisabati, wakajaliwa mabinti wawili, ndio sisi tunaosoma wasifu huu.

Chuo kikuu kilimwajiri Januari 1995, kikampa chumba kando ya ngazi chenye dirisha linalotazama ukuta, na humo akakaa miaka ishirini na tisa. Kwa miaka kumi na mmoja alitembelea familia 312, mashine ya presha begani, dodoso, fomu yake ya maswali, kwapani, hata watoto wakambandika jina la Mama Dodoso, akagundua kwamba kina mama weusi, hata wenye elimu na kipato sawa na wenzao weupe, walicheleweshewa huduma na kujifungua kabla ya wakati mara nyingi zaidi. Kamati ya idara ikamtaka afute "rangi" aandike "mazingira", akakataa, ripoti ikafungiwa kabatini. Vyuo viwili vilimwita, uprofesa mkononi, lakini mkataba ulisema akiondoka data inabaki, mumewe akamwambia, "Mama watoto, toka, hawa watakumaliza," naye akajibu, "Niende wapi, mwalimu, na kina mama wote wale nimewaacha kabatini?" Akabaki, akarukwa cheo mara nne, na aliowafundisha kuandika utafiti wakawa wakubwa wake.

Presha aliyowapima wengine ilimpata mwaka 2019, na tarehe 9 Juni 2024, siku mbili baada ya kupeleka barua yake ya kumi na saba kuomba ripoti itolewe, kiharusi kikamchukua.

Tunawashukuru madaktari waliompigania, majirani waliotuachia nyumba zao, na wafanyakazi wenzake, ambao leo wamekuja wengi kuliko waliowahi kuingia chumbani mwake.

Pumzika, mama, umechoka kwa haki.

Nanyi wa idara mlioketi safu ya mbele, tunawaomba, Jumatatu asubuhi fungueni hilo kabati, mzipelekee familia zile ripoti yao kama alivyoiandika.