Yustina Ngonyani na Kiingereza cha Jumatano

Muuguzi Yustina Ngonyani anastaafu tarehe 30 mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi katika Kituo chetu cha Afya Nuruheri, Kibamba. Alipofika hapa akitokea Songea, kituo kilikuwa na vyumba vitatu na bomba moja la maji uani. Leo anaiacha wodi ya wazazi yenye vitanda ishirini, na hakuna muuguzi kati yetu ambaye hajawahi kufundishwa naye namna ya kumbeba mtoto mchanga, au kukemewa kwa kuacha dirisha wazi.

Lakini ukitoka nje ya wodi, watu wanamjua zaidi kwa Kiingereza cha Jumatano. Wafanyakazi wapya hukikuta tu kipo. Inafaa wajue kilianzaje.

Mwaka 2011 fundi ujenzi mmoja wa hapa Kibamba, Albano Mapunda, alianguka kutoka juu ya nyumba aliyokuwa akiipaua. Wenzake walimleta akiwa hajitambui. Siku hiyo tulikuwa na daktari mgeni asiyejua Kiswahili, na mapokezini alikaa Loveness, binti aliyekuwa bado mgeni kazini. (Ni Loveness mwenyewe aliyetuomba tuliandike hili, tena kwa jina lake.) Mke wa Albano, Anna, akapiga simu kuuliza hali ya mumewe. Loveness akamkimbilia daktari koridoni, naye akajibu huku anatembea: "He passed out, but he's coming round." Yaani amezimia, lakini anazinduka. Loveness alikuwa amewahi kusikia "passed away", kufariki, na maana hiyo ndiyo iliyomjia. Maneno ya mwisho ya daktari yalimpita. Akarudi kwenye simu na kusema, "Pole sana mama. Hatunaye."

Baada ya muda alimfuata Yustina akilia, kuuliza ndugu waelekezwe wapi kuchukua mwili. Yustina alikuwa ametoka kumnywesha Albano maji.

Wakapiga simu ya Anna, haikupokelewa. Yustina akapanda bodaboda kwenda nyumbani kwa Anna, na sare yake hivyohivyo. Alipofika, turubai lilishaanza kufungwa na kina mama wamekaa kwenye mikeka. Kumwona muuguzi akiingia, kilio kikapanda maradufu. Alisema Albano yu hai, hakuna aliyetaka kumsikiliza. Mjomba wa marehemu asiyekufa akamshika mkono kwa upole.

"Sista, usituchanganye. Tumeshaambiwa na nyie wenyewe."

"Tuliwaambia vibaya, baba. Kosa ni letu," Yustina alijibu. "Mie nimemwacha anauliza viatu vyake viko wapi. Nipeni watu wawili wakamwone kwa macho yao, nami nitabaki hapa mpaka wapige simu."

Akaketi mkekani karibu na Anna, akamshika mkono. Walikaa hivyo mpaka simu ikaita na Anna akasikia sauti ya mumewe akilalamika kiuno. Alimlalia Yustina begani, na Yustina anasema hajawahi kubeba mzigo mzito kama kile kichwa.

Siku ya pili uongozi ulikaa kumwondoa Loveness kazini. Familia ilikuwa na haki ya kukasirika, na hakuna aliyekuwa na la kumtetea. Yustina aliomba kuingia. Hakukanusha kosa. Alisema tu, "Tukimfukuza huyu, atakayekuja kesho naye atakuja na Kiingereza hikihiki. Nipeni huyu, na nipeni saa moja kila Jumatano." Mganga mfawidhi wa wakati huo alikubali kwa sharti kwamba kosa la pili lingewahusu wote wawili. Yustina akalipokea.

Yeye mwenyewe hakuwa mwalimu. Alijifunza usiku, Jumatano akatufundisha alichokijua. Vitenzi vya Kiingereza vinavyofuatwa na neno dogo, kama lile "out" la daktari, aliviita "vitenzi vyenye mkia": ukibadilisha mkia, mnyama anakuwa mwingine. "Look after" ni kutunza, "look for" ni kutafuta, "look into" ni kuchunguza. Tulipolalamika kwamba Waingereza wanatuonea, alituuliza kama kwetu kufunga na kufungua ni jambo moja. Sheria yake ilikuwa moja: huleti neno bila sentensi, na sentensi itoke kwenye siku yako. Demetria wa usafi alisimama akasema, "We have run out of soap," tumeishiwa sabuni. Ilikuwa kweli, na kesho yake sabuni ikanunuliwa.

Mlinzi wetu Revelian naye alikuwa na siku yake. Kabla hajaanza kuhudhuria, daktari mgeni alimpigia simu kutoka stendi ya Mbezi Luis akisema, "Pick me up," yaani njoo unichukue. Revelian alifahamu kwamba "pick up" ni kuinua kitu kutoka chini. Akaenda stendi na dereva, na machela. Daktari alicheka mpaka akakalia begi lake. Jumatano iliyofuata Revelian alikaa kiti cha mbele, na hajakosa tangu hapo.

Mwaka 2017 mume wa Yustina, Mzee Fredrick, alifariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Tulidhani darasa lingesimama. Alirudi likizo ilipokwisha, akaandika ubaoni, "I will get over it." Akaitazama, akaifuta, akaandika, "I will get by." Akatueleza kwa sauti yake ya kawaida: "Ya kwanza ni ya mtu ambaye maumivu yamemwisha. Ya pili ni ya mtu anayesogeza siku. Mie niko kwenye ya pili." Loveness alimsogezea kiti, na somo likaendelea.

Tangu darasa lile lianze, hakuna familia iliyopokea kutoka kwetu taarifa isiyo sahihi kwa sababu ya lugha. Loveness sasa ndiye mkuu wa mapokezi, na kuanzia mwezi ujao Jumatano ni yake. Albano bado anapaua nyumba, ingawa Anna hataki.

Dada Yustina anarudi Songea kuishi na mdogo wake na kulima kahawa kidogo. Wafanyakazi wote wa Nuruheri wanakushukuru, Dada, kwa mikono yako, ukali wako, na lile neno ulilotusemea kule tulikokosea. Mungu akupe afya na usingizi usiokatishwa na kengele ya wodi. Zamu umeikabidhi, nasi tumeipokea. Nenda kapumzike.