Uji wa Mpaka Krismasi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na nyinyi mliokuwa mkinidai uji, maana nawaona hapo nyuma mnacheka.

Mnanijua, mimi ni Mama Mwende wa mtaa wetu wa Gatwekera. Watu wa mjengo, mafundi na vibarua wa kujenga nyumba, walikuwa wakinywa uji wangu wa wimbi kabla ya kwenda kibaruani. Basi paa la mama yangu kule Kitui likaanza kuvuja, nami nikapata akili ya haraka. Nikawaambia wateja walipie uji mpaka Krismasi, nitawapunguzia bei. Wakalipa! Mama akapata mabati, akanibariki kwa simu mpaka nikalia.

Ndugu zangu, kukopa harusi, kulipa matanga! Unga ukapanda bei, makaa nayo yakapanda. Kila asubuhi foleni ni ndefu, na hakuna anayetoa shilingi, kwa sababu wote walishalipa. Nikaongeza maji kwa uji, nikaongeza tena. Siku moja nikaamka sina hata unga wa kuchafua sufuria. Nikafunga mlango, nikakimbilia kwa dada yangu Kawangware.

Kule nilifua nguo za watu. Lakini ee Mungu wangu, nilivyoitamani Gatwekera! Alfajiri naamka mwenyewe, mkono unatafuta mwiko. Nilitamani tu mtu anisalimie, "Mama uji, sasa!" Hata Wafula, yule fundi wa mawe anayelalamikia sukari kila siku, nilimkumbuka nikalia. Nikaomba, Bwana, nirudishe kwa watu wangu.

Asubuhi moja naanika nguo, nani anaingia getini? Wafula! Alikuwa amepata kazi ya kujenga kwa plot ya jirani. Nikajificha nyuma ya shuka, lakini miguu ilionekana chini yake.

"Mama Mwende, toka huko," akasema. "Tumekutafuta sana. Huyo mwenye alichukua place yako anatupea maji ya kuosha vyombo. Rudi tu."

"Na unga nitatoa wapi, Wafula?"

"Tumeshachanga. Wewe kuja upike."

Haleluya! Walionidai ndio walioninunulia unga! Nikapika mpaka Krismasi, deni likaisha.

Siku hizi nalipwa siku kwa siku, mteja akishamaliza kikombe chake. Bwana alitufundisha kuomba chakula cha leo, nami nilikuwa nimeuza cha Desemba. Ndugu yangu uliyejificha mahali kwa sababu ya ahadi, mtegemee Bwana, urudi nyumbani. Watu wako wanakungoja.

Wafula bado analalamikia sukari. Namwongezea, na moyo wangu unatulia.