Shefu Hatungimana, Mtu Aliyeangaliwa na Ng'ombe

Ndugu waombolezaji, mapadri, wakubwa wa mji, na ninyi nyote mliokuja kulia pamoja na familia, tunawaomba kimya kidogo ili mumsikie mzee wetu alivyoishi.

Mzee Jean-Berchmans Hatungimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1943 upande wa Kiliba, katika tambarare ya Ruzizi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Ciza na mke wake Marie-Rose, alianza masomo kwa mapadri mwaka 1951, akayaacha akiwa darasa la tano, kwani baba yake alifariki na ng'ombe wakabaki bila mchungaji, ndipo akapanda nao milima ya Mulenge, huko akawa mfugaji mwenye kundi lililojulikana hadi ng'ambo ya mpaka.

Tarehe 10 Agosti 1968 alifunga ndoa hapa Uvira na Geneviève Keza, mama yetu aliyeketi hapa mbele, Mungu akawajalia watoto sita, wanne wangali hai.

Tarehe 6 Novemba 1974, mchana, mbingu ikiwa safi, ng'ombe wake wote waliacha kula, wakainua vichwa, wakamkazia macho yeye, hakuna aliyepiga mkia wala kutafuna, naye aliita kila mmoja kwa jina lake bila hata sikio kutikisika, woga ukamshika, akarudi kinyumenyume mpaka kijitoni, na hapo radi moja ikapiga mahali alipokuwa amesimama, ikaua kundi zima, na alipowakaribia aliona macho yao yangali wazi, yakielekea kule kijitoni alikokimbilia.

Hakufuga tena. Alishuka Kavimvira, akauza chumvi na sabuni mpakani mwa Burundi, watu wakampenda kwa kuwa alimaliza ugomvi wao bila kupaza sauti, wakamweka kuwa shefu wa avenue, yaani barabara moja, kisha mwaka 1998 akawa shefu wa kartye, yaani mtaa mzima, ila nyumba yake aliijenga mbali na njia ya ng'ombe wa machinjio, na kisa chote cha radi ile alikijua mama peke yake, ambaye ameturuhusu kukisema leo.

Jumamosi tarehe 24 Aprili 2021, ng'ombe waliotoka Burundi walisimama katikati ya njia, fimbo zikashindwa kuwasukuma, wote wakageukia nyumba za kandokando ya ziwa Tanganyika na kuzitazama, wapanda pikipiki wakazima injini. Shefu aliitwa, na alipowaona akaingia mlango kwa mlango akiwaamuru watu watoke kabla ya jua kuzama, wengine wakamtukana kwamba anataka kuuza viwanja vyao, na Nkeshimana, fundi wa mbao, rafiki yake wa miaka mingi, akamuuliza mbele ya wote:

“Shefu, weye unahamisha watu ju ya macho ya ng'ombe?”

Akamjibu: “Minye sina maelezo. Zilishaniangaliaka vile mara moja, nikatoka, njo maana ningali hapa. Toka, ndugu yangu.”

Familia zote zilitoka huku zikilalamika, Nkeshimana akabaki kulinda milango aliyokuwa ameitengeneza, na alfajiri upepo ulileta ziwa ndani ya nyumba zile, mwili wake haukuonekana mpaka siku ya pili.

Hakuna aliyemshukuru shefu. Ilisemwa kwamba ndiye aliyeyaita maji, akina mama waliwaficha watoto alipopita, wakubwa wakaombwa wamwondoe, naye mwaka 2022 akaacha kiti bila kujitetea, ila kila Jumapili baada ya misa alikwenda kuketi na mjane wa Nkeshimana, ambaye kwa muda mrefu hakumjibu salamu.

Mwaka jana moyo ulianza kumsumbua, mwaka huu akalazwa hospitalini hapa Uvira, mjane yule ndiye aliyemletea uji, na tarehe 9 Septemba 2024, saa tatu asubuhi, alifariki mkono wake ukiwa katika mkono wa mama, akiacha mjane, watoto wanne na wajukuu.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi, wanaparokia, na mashefu wenzake. Familia haina kesi na mtu. Inawashukuru pia majirani waliotoka kandokando ya ziwa siku ile, tunawaona mmesimama kule nyuma, msogee mbele tafadhali, pamoja na watoto wenu waliozaliwa baada ya maji, kwa sababu jeneza bado halijapata wabebaji.

Baba, shefu wetu, pumzika kwa amani ya Mungu.