Muguu Wangu na Maziwa ya Mama Mukwe

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe hata na wale walioketi nyuma, maana nasikia wamenyamaza!

Munanijua. Minye ni ule muzee wa Kavimvira mwenye nyumba ya mabati. Masomo yangu ni kidogo. Niliacha shule, nikaweka mufuko wa ndagala, samaki wadogo wa ziwa, kichwani, nikapanda nao mulima mpaka Mulenge. Huko niliuza, nikashuka na siagi, nikavuka nayo mpaka Usumbura. Hakuna muntu aliyenipa kitu. Miguu hii ndiyo iliyonijengea nyumba. Kwa hiyo nilizoea kusema: najitegemea. Mungu nilimsalimia siku ya ibada tu, haraka haraka, kama unavyosalimia jirani mukikutana njiani.

Basi nilikuwa nashuka na muzigo, nikateleza, jiwe likanipasua muundi. Nikafunga jani, nikaendelea. Mwanaume gani analilia kidonda? Ndugu zangu, muguu ulivimba kama mutungi! Ulikuwa unang'aa, unatoa usaha, na homa ilinitetemesha katikati ya jua. Jirani wakaanza: "Ni wivu wa biashara. Wamekutegea kitu mu njia." Niliwafukuza wote.

Mwisho nilijikokota mpaka lopitali, daktari akanipa vidonge vya manjano, vinaitwa tetrasikline. Akasema wazi: meza kila siku, na nikikuona tena muguu haujapungua, naukata chini ya goti. Anaukata! Muchuuzi wa milimani na muguu moja, ataenda wapi?

Nilimeza. Sikuruka hata kimoja. Ninyi wenyewe mulikuja kuniombea, muliimba mpaka mabati yakalia. Muguu haukupungua hata kidogo. Nikaanza kusema moyoni, labda Mungu naye ananisalimia haraka haraka.

Sasa sikilizeni. Muke wangu Nabintu ni mutoto wa mulimani, kwa watu wa ng'ombe. Mama yake aliposikia mukwe ni mugonjwa, akashuka na kibuyu cha maziwa ya kuganda, na yalipokwisha akatafuta mengine huku bondeni. Kwao dawa kali haiingii tumboni peke yake, inasindikizwa na maziwa. Na adabu yetu munaijua: mukwe hatazamani na mama mukwe, wala hakatai kitu cha mukono wake. Kukataa maziwa yake ni kumwambia achukue binti yake arudi naye. Kwa hiyo kila kidonge nilikishusha na maziwa, kikombe kizima, kwa heshima yote.

Asubuhi moja akaja Mademoazeli, ule muuguzi wa misioni anayezunguka na baiskeli, kunibadilishia bandeji. Akanikuta kidonge kiko mukononi, kikombe kiko mudomoni.

"Ngoja kwanza, baba! Weye unameza na nini?"

"Na maziwa. Dawa iko na nguvu, maziwa yanaituliza."

"Yanaituliza kweli! Yanaikamata tumboni, haifiki mu damu. Hii dawa na maziwa havipatani. Meza na maji, kikombe kijae, kabla hujala. Halafu ukae wima, usilale palepale, itakuchoma koo. Maziwa utakunywa nyuma, masaa yakipita, mbali na dawa. Na jua ulikimbie, ngozi itaungua."

Nikaweka kikombe chini. Nje ya ukuta wa matete mama mukwe alikuwa ameketi, amenipa mugongo, kibuyu magotini. Alisikia yote. Ndugu zangu, niliogopa kuliko siku ile daktari alipotaja kukata! Nilikuwa nachagua, muguu ama muke. Nikaomba moyoni, si yale maombi yangu ya siku ya ibada, ni maombi ya muntu anayezama: Bwana, minye nimeshindwa, weye fanya!

Mara mama mukwe akaita. Alisema na binti yake, kama inavyotakiwa.

"Nabintu! Mwambie bwana yako, minye sikukuoza kwa muntu wa muguu moja. Anywe maji."

"Na maziwa, mama?"

"Kwani hapa duniani kuna mudomo moja tu? Lete kikombe, nitakunywa mwenyewe. Yeye atapata yake nyuma, kama Mademoazeli alivyosema. Na asijifanye hasikii, anapumua kama ng'ombe!"

Mademoazeli alicheka mpaka mukasi ukamuanguka. Minye nililia. Ndiyo, nililia!

Tangu pale nilimeza na maji. Homa ikaniacha. Vidole vya muguu, vilivyokuwa vimefutika kwa uvimbe, vikaanza kuonekana tena. Daktari akabonyeza, akabonyeza, akasema: "Hatukati." Haleluya! Akaniongezea vidonge, nikavimaliza vyote hata nilipokuwa nimeanza kutembea, kwa sababu Mademoazeli alinikataza kuacha katikati. Nabintu alikuwa na mimba, tena na jipu mukononi, akaniomba kimoja. Mpwa wangu naye alitaka vya chunusi zake za uso. Nikakataa! Mademoazeli alinifundisha, hii dawa inaweza kumudhuru mutoto tumboni, na watoto wadogo hawapewi. Na mwenye chunusi aende aonwe, daktari ndiye atamwambia. Wakaniita munyimi. Waniite!

Munauliza, ni dawa iliniponya ama ni maombi? Minye sitenganishi. Mungu alinipa dawa, akanitumia muntu wa kunifundisha kuimeza, halafu akalainisha mama mukwe, na hapo kwa mama mukwe ndipo palipokuwa na kazi! Asante, Bwana wangu. Mama, najua uko kule kwa wanawake, umenipa mugongo. Asante, mama.

Na weye unayeficha kidonda chini ya kikwembe, unayengoja kipone kwa kiburi, nakuona. Mutegemee Bwana, na umuulize muganga wa lopitali unameza namna gani. Kama unaona haya kwenda peke yako, pita kwangu asubuhi. Nitakusindikiza mpaka lopitali, kwa miguu.