Mke wa Kwenye Wimbo

Jumapili, Juni. Ukungu ulifunika mashamba ya huku Igamba mpaka saa nne, baridi ya kuuma vidole, halafu likatoka jua kali. Leo baada ya ibada nilitoa ushuhuda kwenye kikundi chetu cha akina mama. Naandika kama nilivyosema, nisije kesho nikajiongezea sifa. Niliishia darasa la saba, kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Nilisema hivi:

Akina mama, nawasalimu wote, hata mnaonitazama kwa jicho la pembeni. Mna haki.

Ule wimbo mnaujua. Wa kantri, wa imani na upendo, gitaa linalia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Hapana, nisidanganye. Gitaa analipiga vizuri. Aliyeutunga ni mume wangu, na mwanamke anayeimbwa humo ni mimi. Kwenye wimbo naamka kabla ya jogoo, napiga magoti, nangoja. Siugui. Sichoki. Upendo wangu ni mlima, imani yangu ni chemchemi. Ndugu zangu, nawaambia, beti tano, na hamna hata ubeti mmoja ambamo nimekaa chini nikala.

Wimbo ukapendwa Tunduma. Kule harusi haiishi bila kantri. Mume wangu akanunua kofia pana na buti za wachunga ng'ombe, na nyumbani hatuna hata mbuzi! Anaondoka Alhamisi, anarudi Jumatatu, analala. Akiamka anauliza kama kuna mtu kamtafuta.

Niseme haki. Hakunipiga. Halewi. Sukari na sabuni alileta. Wapo wanandoa waliorudiana kwa sababu ya wimbo ule, nimewaona kwa macho yangu. Hata mimi mara ya kwanza nililia, mjinga mimi.

Maana kosa kubwa lilikuwa langu. Kila akiimba hapa kanisani, kiongozi wa kwaya alisema, "Mama, simama tukuone." Nami nasimama, nainamisha kichwa hivi, najifanya naona aibu. Nilipenda. Mkaanza kuniita Mama Wimbo, nalo nikalipenda. Mwisho nikajitoa kwenye zamu yetu ya kuchumiana kahawa. Mnakumbuka? Mmoja wenu alinifuata mpaka shambani, akaniuliza, "Mama Wimbo, tukuwekee siku yako?" Nikamjibu, "Bwana ananitosha." Nikawaona ninyi wa zamu kama watu wa kunung'unika, wasio na imani. Nilivyokuwa nawadharau, Mungu anisamehe.

Kahawa haijui wimbo. Mwaka jana iliiva yote kwa pamoja. Nilichuma peke yangu, magunia matatu, nikaenda kwenye mashine ya kumenyea. Mashine ile inataka watu wawili, mmoja anamwaga matunda na maji, mwingine anazungusha mpini. Mimi namwaga, nakimbia, nazungusha, narudi, namwaga. Siku ya pili mgongo ukakaza, nikaanguka pale kwenye maganda. Nililala ndani siku tatu. Kahawa ikachacha magunia yote, ikanuka kama pombe iliyoharibika. Hayo ndiyo mategemeo ya nyumba yangu ya mwaka mzima.

Mume wangu aliporudi nikamwambia, "Baba watoto, kahawa imeoza. Iliyobaki mtini nayo inadondoka."

"Mke wangu, kuwa na imani."

"Imani haizungushi mashine."

Akavua kofia. Nikadhani limemwingia. Akasema, "Hilo neno zuri sana, linaimbika." Akatafuta kalamu!

Na mimi je, nilikwenda kwa majirani? Sikwenda. Nilichimba shimo nyuma ya choo, kwa mgongo ule ule, nikaifukia kahawa msiione. Mama Wimbo hafikiwi na hasara. Kama mnamdharau mwenye kofia, mdharauni na mwenye jembe.

Jumapili iliyofuata akaimba. Kiongozi akasema, "Mama, simama tukuone." Nikakaa. Akarudia, "Mama, usione aibu." Nikasimama, nimeshika benchi. Nikasema, "Huyo anayeimbwa mimi simjui. Mimi nimefukia magunia matatu ya kahawa iliyooza, na nyingine inaiva. Naomba mtu wa kuzungusha mashine."

Sauti ya gitaa ikakatika. Nilisikia mtu anafungua pipi. Ndipo mama mzee wa benchi la mbele akageuka. "Kumbe! Sisi tulidhani unachumiwa na malaika."

"Wananichumia kama wanavyokuchumia wewe, mama."

Mkacheka, kanisa zima. Yule mama mzee hakucheka. Akasema, "Kesho tunakuja, mwanangu. Lakini zamu unarudi, na mdomo huo wa 'Bwana ananitosha' uuache kwako."

Nje mume wangu akaniambia, "Umeniaibisha mbele za watu."

Nikamwambia, "Nimejiaibisha na mimi. Tumegawana."

Akaondoka kwenda Tunduma, wiki tatu. Ninyi mkaja Jumatatu na ndoo zenu, na hakuna aliyeniuliza mume yuko wapi. Mlichuma, mkamenya, mkaosha, mkaanika. Iliyobaki yote ilipona. Yeye alirudi wakati tunaanua. Sijui kama ni toba au harusi zilikwisha, na nisichokijua sikisemi. Lakini alivua zile buti, akauliza mashine inazungushwa upande gani. Miaka yote kwenye kahawa, anauliza upande! Nikamwonyesha. Mwaka huu anazungusha. Polepole, kama anabembeleza gitaa, ila anazungusha. Wimbo bado anauimba. Wakiniita nisimame, sisimami.

Nawashukuru ninyi wa zamu, na yule mama mzee kwanza, aliyenisema hadharani na kesho yake akawa wa kwanza shambani. Funzo nililonalo ni dogo. Ukisifiwa kwamba huchoki, angalia nani anapumzika. Nimemaliza.

Hivyo ndivyo nilivyosema. Walinipigia vigelegele, na mama mzee akasema nimerefusha. Njiani nilijiuliza kama nimemsema mume wangu kupita kiasi, maana hakuwepo kujitetea. Nilipofika nikamweleza yote, hata la kofia. Akasema, "La kofia ungeliacha." Labda.

Jioni tulikula ugali, maharage na majani ya maboga. Alimaliza, akasogeza sahani kwangu nimwongezee. Nikamwambia sufuria iko jikoni. Akaenda.