Breki Alizofunga Marehemu

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu mwaka jana, saa tatu asubuhi, nilimpoteza mume wangu, baba Neema. Alikuwa na ugonjwa wa figo. Sikuja kueleza kifo chake. Nimesimama kwa sababu Mungu alinizuia nisiongeze makaburi mengine juu ya lile, na jina lake lisifiwe Kibondo yote mpaka Kasulu!

Ndugu zangu, wengi mnaijua pikapu yetu ya bluu. Inachukua maharage na mihogo kutoka Mabamba mpaka sokoni Kibondo, na siku za mnada inakwenda Kasulu. Mume wangu alikuwa dereva wake na fundi wake pia. Majuma mawili kabla ya kulazwa, aliingia chini ya gari akafunga breki za nyuma kwa mikono yake mwenyewe. Alifunga vile ambavyo mafundi wanaviita viatu, yaani vyuma viwili vilivyopinda, vyenye bamba gumu linalosugua ndani ya gurudumu mpaka gari lisimame. Bamba hilo huisha. Kila mwenye gari anajua linaisha. Nami nilijua.

Alipofariki, mdogo wake Meshaki akachukua usukani. Kwetu sisi ambao babu zetu walivuka kutoka Burundi, vitu vya marehemu havigawiwi wala havibadilishwi mpaka siku ya kuganduka, ndiyo siku ukoo unapomaliza msiba. Nguo zake zilibaki kwenye msumari. Jembe lake lilibaki pale alipoliegemeza. Ni desturi nzuri, siisemi vibaya.

Mwezi wa kumi gari likaanza kulia kila linaposimama. Meshaki akanifuata jikoni.

"Shemeji, breki zimekwisha. Nakanyaga mara tatu ndiyo zinashika."

"Kaka yako alizifunga juzi tu."

"Juzi gani, shemeji? Miezi minane hiyo!"

Nikamwambia tungoje kuganduka. Akainamisha kichwa, akaenda.

Ndugu zangu, sitawadanganya mbele za Mungu. Uwezo wa kununua breki mpya ulikuwepo. Na hakuna mzee hata mmoja aliyewahi kuniambia kwamba desturi ile inahusu breki. Nilijificha ndani yake. Ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mume wangu, na sikutaka mtu mwingine aifungue. Basi!

Siku ya mnada, gari likiteremka kuelekea darajani, limebeba magunia na akina mama watano juu yake, breki zikakataa kabisa. Mbele walikuwepo wanaume wawili wanasukuma baiskeli za ndizi. Meshaki akatia gia ndogo, akaona hawezi kuwakwepa, akaligongesha gari kwenye ukingo wa udongo. Likasimama! Hakufa mtu, ndugu zangu. Haleluya, hakufa mtu! Lakini Mama Sabina, aliyekaa pale mbele yenu, alirushwa chini akavunjika mkono, na mpaka leo haunyooki vizuri. Mkono ule niliuvunja mimi. Nilikwisha kumwomba msamaha nyumbani kwake, na leo namwomba tena mbele yenu.

Mtadhani hapo nilizinduka. Sikuzinduka! Gari lilivutwa mpaka Kasulu kwa Mzee Rajabu, fundi Mwislamu aliyefahamiana na mume wangu miaka mingi. Nikapanda basi nikalifuata. Mzee Rajabu akafungua gurudumu. Bamba halikuwepo tena, chuma kilikuwa kinakula chuma.

"Basi bandika bamba jipya juu ya viatu hivi hivi," nikasema.

"Kimoja kimepasuka, Mama Neema. Tazama ufa huu."

"Kichomelee."

"Kiatu cha breki hakichomelewi, mama. Ukitaka kuchomelea, nenda kwa fundi wa mageti."

"Alivifunga marehemu!"

"Marehemu namjua. Angekuwa hai angekwisha kuvitupa zamani, na mimi angenitukana kwa kupoteza muda kuvitazama."

Meshaki alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu. Akainuka, akaniwekea ufunguo wa gari mkononi.

"Endesha wewe, shemeji. Nimekwisha zika kaka. Sitaki unizike na mimi, halafu useme usukani wangu usiguswe."

Nilikasirika. Nikampigia simu baba mkwe, nikiwa na hakika atanitetea. Nikamweleza yote.

"Mwanangu," akasema, "tulisema nguo zake zikae. Breki ni nguo?"

"Hapana, baba."

"Sasa unaniuliza nini? Watoto wa watu wanapanda gari hilo. Toa zote leo. Za nyuma na za mbele."

Nikalia palepale gereji, mbele ya watu, kilio ambacho hata siku ya mazishi hakikutoka. Mzee Rajabu akaniletea kiti, akanigeuzia mgongo kwa heshima, akaendelea kufungua nati. Ndugu zangu, sikusikia sauti kutoka mbinguni. Sikuona mwanga. Niliwasikia watu watatu waliosema ukweli, na ninaamini Bwana ndiye aliyewatuma, kwa maana kwa njia nyingine nisingemsikia. Asante Yesu! Asante kwa uhai wa Meshaki, na wa wale akina mama, na wa wale wenye baiskeli ambao hata majina yao siyajui.

Wewe unayenisikia, kama umeshikilia kitu cha marehemu wako na kinawahatarisha walio hai, mwamini Mungu, ukiachie. Mimi nilidhani breki zile zikitoka nitampoteza mume wangu mara ya pili. Sikumpoteza. Bado namlilia, na nalala usingizi.

Kuna jambo sijawaambia. Tangu mazishi sikuwa nimepanda gari lile. Niliwapandisha wenzangu tu. Jumatano iliyopita nilipanda, nikakaa mbele, karibu na Meshaki. Tulipofika kwenye mteremko wa daraja, ng'ombe walikuwa wanavuka barabara. Akakanyaga mara moja. Gari likasimama. Tukangoja ng'ombe wapite.